Pini ya Msiba ya Bwana Monty

Sijawahi kutapika jukwaani. Nimeimba na homa, nimeimba na njaa, nimeimba huku koo limejaa moshi wa taa za gesi, na kila mara nimeumaliza wimbo wangu vizuri. Lakini Jumamosi ile alasiri, mbele ya nusu ya mji wa Bolton, mwanamume niliyempenda kuliko mtu yeyote duniani alinibandika kitu kifuani, na mate yakanijaa mdomoni kama ya mtu aliyelamba samaki aliyeoza. Nikameza. Nikatabasamu. Watu walikuwa wananishangilia, na wengine walikuwa wanalia.

Ilikuwa siku yangu ya heshima. Mwimbaji akidumu kwenye ukumbi mmoja na watu wakampenda, hupewa alasiri iwe yake peke yake, na wanaompenda humletea zawadi. Siku hiyo zawadi hazipitishwi mlango wa nyuma. Hukabidhiwa jukwaani, taa zikiwaka, na meneja husoma kwa sauti maneno yaliyochorwa juu yake, ili hata wasichana wa viwandani waliobanana kule juu karibu na dari wasikie nani kapewa nini, na kwa mapenzi ya nani. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

Jina langu ni Kezia Haslam, lakini hakuna aliyelipa kiingilio kumwona Kezia. Watu walikuja ukumbi wa Adelaide kumwona Bwana Monty Vale. Monty ni kijana mtanashati mwenye kofia ndefu, fimbo na glavu nyeupe, anayemtongoza kila msichana na kukataliwa na wote, na bado anatembea kama mji mzima ni wa baba yake. Ndimi niliyekuwa ndani ya suruali ile. Mwendo ule ulikuwa wangu, na sauti ile nzito ya kujidai ilikuwa yangu. Kichwani Monty alikuwa na wigi lenye kishungi cha nywele kinachomwangukia jichoni, na kabla ya kila ubeti alikitupa nyuma kwa kutikisa kichwa, taratibu, kwa maringo. Hapo wasichana walipiga mayowe mpaka vumbi likadondoka darini.

Ndiyo maana mvishaji wangu, Bi Nan Tattersall, alipolitoa wigi sandukuni alasiri ile kwa mara ya kwanza tangu Jumanne usiku, maana ukumbi ulikuwa umefungwa tukifanya mazoezi bila mavazi, nusura aliangushe.

"Kezi! Njoo hapa, mwanangu. Njoo uone hiki kitu."

Kishungi kilikuwa kimekatwa. Kilichobaki kilikuwa kisiki tu, kimesimama kama nyasi iliyoliwa na mbuzi.

"Nondo?" niliuliza.

"Nondo gani anayekata mstari ulionyooka? Huu ni mkasi."

"Basi panya."

"Na panya kanunua mkasi wapi?" Bi Nan alikaa kwenye kiti, uso umempauka. Alikuwa mjane wa mchimba makaa, mwanamke mzito mwenye vidole vyepesi, na tangu nianze kazi hii hakuna kifungo changu ambacho hakukifunga yeye. "Kezi, mimi sijaligusa. Naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Nani kakushuku, Bi Nan? Nyamaza. Tafuta mafuta ya nywele tulibandike."

Nilisema hivyo kwa ujasiri nisiokuwa nao. Nywele zile hazikuwa za dukani. Zilikuwa zangu. Nilipokuwa msichana mdogo niliugua homa mbaya, daktari akaamuru ninyolewe, na mama akazikusanya nywele zote, akaziosha, akazifunga kwenye kitambaa. Miaka ikapita. Nilipoanza kuimba, mama akiwa hoi kitandani kwa kifua, aliagiza kitambaa kile kiletwe na nywele zipelekwe kwa fundi zishonwe wigi. Alifariki bila kumwona Monty akishangiliwa. Kila nilipolivaa wigi lile nilihisi mkono wa mama utosini.

Watu wawili tu ndio walioijua habari hiyo. Mmoja ni Bi Nan. Wa pili ni Clement Openshaw.

Clement! Nisimwonee, nimseme kama alivyokuwa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye macho ya kijivu ambayo yakikutulia usoni unasahau ulichokuwa unasema. Kwao walikuwa na maduka ya utumbo na kwato za kulowekwa kwenye siki, maarufu mjini, na hata angejisugua vipi kwa sabuni, mikono yake ilibaki na harufu ya siki na tumbo la ng'ombe. Wenzangu walinicheka sana. "Kezi, ukiolewa na yule utanukia kwato mpaka siku ya mwisho!" Sikujali hata kidogo. Akinishika mkono nilisahau kama nina pua.

Habari za mama nilimsimulia juu ya kilima cha Rivington, siku ya mapumziko, upepo ukitupiga na kofia yangu ikitaka kuruka. Hakusema neno. Alinishika mkono tu mpaka nikamaliza kulia. Nilimpenda zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa maneno yote aliyowahi kuniambia.

Alipoomba kunioa nilimjibu, "Nimekubali. Lakini Monty anakuja na mimi." Akacheka, akanibusu kiganja. Nilidhani amekubali. Yeye alidhani natania.

Mama yake hakuwa na utani. Mama Openshaw alikuwa nguzo ya kanisa lao, na kwake yeye mwanamke anayevaa suruali mbele za watu alikuwa hana tofauti na mwanamke asiyevaa kitu. Aliniambia hivyo usoni, nyumbani kwake, huku akinimiminia chai. Niliinywa ile chai kwa sababu Clement alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa meza, na macho yake yalikuwa yanasema, vumilia, mpenzi, vumilia kwa ajili yangu. Nilivumilia mengi kwa ajili ya macho yale.

Basi tulikibandika kisiki kwa mafuta, nikatoka jukwaani, na alasiri ile niliimba kama sijawahi. Nilipotikisa kichwa hakikuruka kitu, lakini mayowe yalikuja vilevile. Nikajua wananipenda kweli.

Baada ya wimbo wa mwisho meneja wetu, Bwana Sugden, alipanda jukwaani na mashavu yake mekundu. Wasichana wa kiwanda cha kusokota nyuzi walinipa skafu ya hariri. Watu wa bendi walinipa fimbo mpya yenye kichwa cha fedha. Kisha nikamwona Clement anapanda ngazi ndogo za pembeni, amevaa suti nyeusi, mkononi ana kisanduku cha mahameli. Nilidhani ni pete.

Akakifungua.

Tangu Malkia mzee wa Uingereza alipofariki na nchi nzima kuvaa nyeusi, hakuna mwanamke Bolton asiyeijua pini ya namna ile. Jiwe jeusi la Whitby, ukingo wa dhahabu, katikati kioo, na chini ya kioo nywele zilizosukwa. Hubandikwa kifuani kwa ajili ya maiti. Nyanya yangu alikuwa na yake, yenye nywele za babu, na alizikwa nayo.

Nikazitazama nywele zilizo chini ya kioo. Zilikuwa za rangi ya asali iliyoungua. Nikazijua papo hapo.

Bwana Sugden akavaa miwani, akasoma maneno yaliyochorwa nyuma yake, kwa sauti yake ya mnada. "Kwa kumbukumbu ya Bwana Monty Vale, aliyeaga jukwaa leo. Monty amelala. Kezia ataishi, mke mpenzi."

Halafu msichana mmoja kule juu akalia kwa sauti, "Usiende, Monty!" na kilio kikashuka kutoka darini mpaka viti vya mbele. Bendi ikaanza wimbo wa kuaga. Wimbo wa kuaga! Bendi haiokoti wimbo hewani, lazima ilikuwa imefanya mazoezi. Ndipo nikaelewa kwamba kila mtu ndani ya jengo lile alikuwa anajua nimeacha kazi, isipokuwa mimi.

Clement akanisogelea kuibandika. Vidole vyake vilipapasa kizibao cha Monty, na ile harufu ya siki niliyoizoea ikanipanda puani, na kwa mara ya kwanza ikanitia kichefuchefu. Akaninong'oneza, "Sasa wewe ni wangu kabisa."

Hapo ndipo mate yaliponijaa mdomoni.

* * *

Chumbani nilikuta bakuli la kunawia nikaliinamia. Hakikutoka kitu. Bi Nan alinishika mgongo bila kuuliza.

Bwana Sugden alichungulia mlangoni. Alikuwa amenuna. "Ungeniambia mwenyewe, Kezi. Miaka yote hii tumekula chumvi moja, halafu unamtuma mchumba aje kukuagia?"

"Sikumtuma mtu. Siachi kazi, Bwana Sugden. Nani kakwambia naacha?"

Alinitazama, akautazama mlango, akakuna kidevu. "Aliniambia ni siri yenu. Kwamba unaona aibu kuaga kwa mdomo wako, na tusikuguseguse utalia. Mimi jioni nimeshamweka yule mama wa mbwa."

"Mbwa?"

"Wanaruka kamba. Si wabaya."

"Mtoe. Jioni naimba mimi."

"Utaimbaje?" Alishusha sauti, na niliona ananihurumia kweli. "Watu wamelia, mwanangu. Mji mzima unajua saa hizi. Ukitoka jioni hii ukiwa Monty yuleyule aliyezikwa mchana, watasema tuliwachezea shere ili tujaze viti. Watakuzomea, na ukizomewa mara moja kwa jambo kama hilo, basi tena. Labda mtu awaeleze. Lakini asiwe wewe, wala mimi. Hatutaaminiwa." Akaondoka akitikisa kichwa.

Nilikuwa bado nimevaa suruali ya Monty wakati Clement alipobisha na kuingia, uso unamng'aa. Nyuma yake aliingia mama yake, kofia yake nyeusi ikigusa juu ya mlango.

"Ulilia?" Clement aliuliza, akanyoosha mikono anikumbatie. "Nilijua utalia."

"Usiniguse."

Akasimama, mikono bado imenyooka. "Kezi?"

"Wigi langu nani kalikata?"

Akatabasamu. Mpaka leo nikilikumbuka tabasamu lile ngozi inanisisimka. Lilikuwa tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa. "Mimi. Jumatano, ulipokuwa umetoka kula. Nilimwambia Bi Nan nimesahau glavu."

"Ulisema glavu!" Bi Nan aliruka. "Nami nikakuacha humu peke yako nikijua ni mtu na heshima zake!"

"Ilikuwa iwe siri, Bi Nan. Kezi, zile ni nywele za mama yako. Nilitaka uwe nazo karibu na moyo. Sonara alizisuka kwa uangalifu mno, nilisimama pale nikimtazama."

"Ni nywele *zangu*, Clement. Ulichukua nywele za mtu aliye hai, ukazitia kwenye pini ya maiti, ukanibandika. Huoni kinyaa?"

"Si wewe uliyekufa. Ni Monty."

"Na Monty ni nani?"

Nikamgeukia mama yake, kwa sababu hasira ilitaka mtu mkubwa wa kuelekezewa. "Hongera, Mama Openshaw. Umefanikiwa. Umemzika mtu mchana kweupe, tena kwa dhahabu."

Mama Openshaw alikuwa anaitazama ile pini kifuani pangu kama anavyotazama utumbo uliochacha.

"Usinisingizie, binti," alisema. "Nilitaka uache kazi hii, na bado nataka. Sikutaki kwa mwanangu na nimekwambia usoni. Lakini kitu hicho si changu. Aliponionyesha nilimwambia ni uchuro kumtengenezea msiba mtu anayepumua. Nilimwambia aende akakuulize kwanza. Akaniambia umekubali."

Nilimtazama Clement. Masikio yalimwiva.

"Ulimwambia mama yako nimekubali?"

"Ungekubali tu. Nilijua ungekubali."

"Na meneja ukamwambia nimeona aibu kuaga."

"Kezi, nisikilize." Alipiga goti, palepale kwenye sakafu iliyojaa poda na vifungo. Yale macho ya kijivu yakaniinukia, yamelowa. "Kila jioni naketi kule nakuona mwanamume mwingine. Unajua inauma vipi? Watu wanampigia mayowe, wanamtupia maua, na mimi nangoja mlangoni kwenye mvua mpaka amalize ndipo nikupate wewe. Nilikuwa namwonea wivu. Nacheka mwenyewe nikisema, lakini ni kweli. Nilitaka aondoke vizuri, kwa heshima, watu wamlilie. Nilitaka ubaki wewe."

Laiti angesema maneno yale juu ya kilima, kabla ya mkasi. Ningemhurumia, labda ningecheka naye, labda tungepata njia. Sasa nilikuwa naviona vidole vyake vikilipekua wigi la mama yangu chumbani mwangu, nami niko nje nakula mkate na jibini bila habari, na mwili mzima ukawa unanikimbia kama nimekanyaga konokono bila viatu.

Lakini mapenzi hayafi kwa kuambiwa yafe. Nilimtazama pale chini, mabega yake yameanguka, na sehemu moja ndani yangu ilikuwa bado inataka kumfuta machozi. Nikaichukia sehemu ile nayo.

"Unanipenda?" nilimuuliza.

"Kuliko kitu chochote."

"Basi nifanyie jambo moja. Jioni, kabla zamu yangu haijafika, toka mbele ya pazia. Waambie watu Monty hajafa. Waambie hukuniuliza. Waambie wigi ulilikata wewe, kwa siri, na Kezia Haslam hakuwahi kusema anaacha. Hayo tu. Ukishasema, tutakaa, tutazungumza. Sikuahidi zaidi ya hapo."

Alinyanyuka taratibu. "Mbele ya watu wote?"

"Mchana ulipanda mbele ya watu wote."

"Ile ilikuwa tofauti. Kezi, pale kuna wateja wetu. Kuna watu wa kanisani."

"Mchana pia walikuwapo."

Mama Openshaw alikohoa. Nilidhani anakuja kumtetea. "Nenda kaseme, Clement," alisema. "Ni kweli, na kweli haijamuua mtu."

Clement akanyoosha koti lake, akaitikia kwa kichwa. "Kwa ajili yako," akasema, na sauti yake ilikuwa thabiti.

* * *

Watu walijaa mpaka milangoni. Uvumi ulikuwa umetembea kutoka mtaa hadi mtaa, na hata waliolia mchana walirudi na dada zao kuja kuona mahali pa Monty patakuwaje bila Monty. Mama wa mbwa alikuwa pembeni na kamba zake, amekasirika, mbwa wake wanabweka. Bi Nan alikuwa amenishonea kishungi kutoka kwenye nywele za nyuma ya wigi. Nilisimama gizani nyuma ya pazia nimevaa kila kitu, mpaka glavu, na ile pini mkononi. Mama Openshaw alisimama karibu nami, mkoba ameukumbatia, hatusemeshani.

Bwana Sugden alimtangaza. Clement akapita mbele yetu. Alinigusa kiwiko akipita, nami sikujiondoa. Nilimwona akitembea kuelekea kwenye taa, mgongo umenyooka, shingo yake nyekundu juu ya kola nyeupe, mtoto wa maduka ya utumbo asiyewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kusoma zaburi. Nilijua ana hofu. Na nikampenda tena, ghafla, kwa nguvu, mpaka nikashika ukuta. Nikajisemea, sema, mpenzi wangu. Sema tu, na nitakusamehe mpaka mkasi.

"Mabibi na mabwana," alianza. Sauti ilimkwama. Mtu akapiga mluzi. Akajirekebisha kola. "Nimekuja kuwaambia kwamba Bwana Monty Vale yu hai."

Ukumbi ulilipuka. Kofia ziliruka. Nilimwona Clement akishtuka, halafu nikaona kitu kinamwingia usoni. Alikuwa amezipenda zile kelele. Kwa mara ya kwanza maishani zilikuwa zake.

"Mchana kulitokea kosa," aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imefunguka. "Mimi niliagiza zawadi ya mapenzi tu. Lakini sonara wetu, mzee wa watu, macho yake yamechoka, alichanganya oda yangu na ya familia yenye msiba." Watu wakacheka. Akangoja wamalize kucheka, kama nilivyokuwa namfundisha siku zile tukitaniana. "Na zile nywele, jamani, sikuziomba mimi. Ni mvishaji, mama mtu mzima, aliyezikata kwa nia njema akidhani zitapendeza. Tumsamehe. Wazee wetu hawa! Mimi mwenyewe nilishtuka kama ninyi. Lakini mchumba wangu nikamwambia, Kezi, usilie, nitatoka mimi nikuombee."

Wakampigia makofi. Mungu wangu, walimpigia makofi hasa. Mwanamke mmoja viti vya mbele alijifuta macho na kusema, "Mwanamume ndiye yule."

Gizani, Bi Nan alikuwa amesimama na sindano bado mkononi. Alijitazama vidole vyake tu, kana kwamba anataka kuhakikisha kama kweli vilifanya kile alichosikia.

Mama Openshaw alimsogelea. "Bi Tattersall," alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba radhi. Si hivyo nilivyomlea." Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, akaubana mdomo nayo. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Kilikuwa kimemshika kichefuchefu kilekile kilichonishika mimi mchana.

Clement alirudi nyuma ya pazia akiwa anahema, uso unawaka, kijasho kinamtoka. Sijawahi kumwona mzuri kama dakika ile. Alinishika mabega yote mawili.

"Umesikia? Umewasikia? Wanakungoja, Kezi! Nimesema!"

"Nimesikia."

"Wamefurahi. Hakuna atakayekuzomea. Nimekurudishia Monty wako, na hakuna aliyeumia."

"Bi Nan je?"

"Ah, Bi Nan." Alimtupia jicho, akatabasamu lile tabasamu lake la upole. "Bi Nan ananielewa. Nani atamkumbuka kesho? Mimi nina jina, Kezi. Litakuwa jina lako pia."

Nilitafuta moyoni mwangu ile hasira ya mchana, nikaikosa. Wala huzuni sikuikuta. Nilikuta kinyaa peke yake, kimetulia, kimekaa kama mwenye nyumba. Nilitazama macho yale ya kijivu niliyoyanywea chai ya mama yake, na yalikuwa macho tu ya mtu fulani anayeuza utumbo mjini. Harufu ya siki ilikuwa nzito sana.

Bendi ilianza kupiga muziki wa Monty. Kule juu walikuwa wanaita jina lake huku wakigonga miguu.

Nilifungua sindano ya pini. Clement alidhani nataka kuivaa, akasogea anisaidie, na aliposogea nikaishika kola ya koti lake jeusi, nikaibandika pale, upande wa moyo, nikaifunga vizuri isije ikaanguka.

"Kezi? Unafanya nini?"

"Vaa wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyefiwa."

Nikampa mkono Bi Nan, nikamkokota tutoke naye mbele ya taa, sindano yake na uzi wake vikining'inia, ili nianze kwa kuwaambia watu jina lake, na kwamba mkasi haukuwa wake.